Koti Lililopigiwa Kura

3 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Ninakuandikia kukuomba Chama chenu cha Kabati kikubali kuwa mfano wa kwanza wa mradi wangu hapa kazini. Nimetanguliza sababu kabla ya salamu kwa kuwa Mkurugenzi wetu anashikilia kwamba barua isiyosema shida yake mapema ni sawa na mgeni anayekaa tu hadi chakula kiive. Sasa, shikamoo. Natumaini goti limepoa. Mama ameniarifu kwamba mmenuniana tena kwa ajili ya sufuria. Ninawaombeni, kama mwana wenu wa pamoja, mpatane. Ningekupigia simu, lakini hupokei ukiwa kwenye cherehani, na kwenye cherehani ndiko unakoishi.

Mimi ni mzima. Mfuko wa Hisani ulioniajiri uko ghorofa ya tatu, na meza yangu imepakana na mtungi wa maji ya kunywa, hivi kwamba hakuna mwenye kiu asiyenisalimu. Cheo changu ni Afisa wa Anuwai na Ujumuishi katika Utoaji wa Misaada. Kwa lugha ya nyumbani: naangalia msaada unamfikia nani, unamruka nani, na kwa nini anayerukwa huwa ni yuleyule.

Bado niko katika kipindi cha majaribio. Tarehe 14 Julai nitasimama mbele ya Bodi na mfano hai wa kikundi kinachotoa bila kubagua. Wakiridhika, nitathibitishwa kazini. Wasiporidhika, nitashukuriwa, na wewe unajua maana ya kushukuriwa. Chama nacho kinaweza kupata chumba cha kudumu na cherehani ya umeme, badala ya kubanana barazani kwako. Nakuomba unieleze, kwa wakati wako, nani hutoa, nani hupokea, na mnaamuaje.

Mwanao mtiifu,
Afisa

20 Februari

Mwanangu Msomi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilidhani nimeshtakiwa. Goti linauma likitaka mvua na linauma likitaka jua. Sufuria ni yangu na mama yako analijua hilo, kwa hiyo usiingie mambo ya watu wazima.

Unauliza tunamsaidia nani. Tunamsaidia yeyote! Hatuulizi dini, kabila wala umri. Mtu ana usaili, hana nguo ya kuingilia ofisini, anakuja barazani, anafungua kabati, anavaa, anapita mbele ya kioo. Koti likimkaa anaondoka nalo, na akishamaliza usaili anarudisha. Lisipomkaa tunampa chai na kumwombea heri. Ubaguzi uko wapi hapo?

Wanaotoa ni sisi wanne, unatujua. Mkunga, ambaye amestaafu lakini bado anaamuru watu wasukume. Mama Duka. Mwalimu. Na mimi. Nguo ni za waume zetu, Mungu awarehemu. Mume wa Mkunga alikuwa mrefu kama Januari. Wa Mama Duka alikuwa mwokaji na alionja kila alichooka. Wa Mwalimu alikuwa golikipa, mikono ya koti lake ukilitundika inapangusa sakafu ya kabati. Na wangu, baba yako mdogo, koti lake la kijivu unalo wewe.

Ambalo, nakukumbusha, ulilichukua kwa ajili ya usaili. Usaili ulipita mwaka jana. Linarudi lini?

Mama yako Mdogo

6 Machi

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa goti. Kwangu ni salama, isipokuwa mtungi wa maji umeanza kuvuja upande wa mafaili yangu.

Nimeichambua barua yako kwa makini, na imenilazimu kufikia hitimisho ambalo ninaliandika kwa unyenyekevu mkubwa. Kwa maelezo yako mwenyewe, tangu Chama kianze hamjawahi kumvalisha mwanamke hata mmoja, ingawa watoaji wote ni wanawake. Hamjamvalisha mtu mfupi. Hamjamvalisha mtu mwenye ulemavu. Aliyepata koti ni yule aliyejaliwa urefu wa Januari, tumbo la mwokaji, mikono ya golikipa, au, kama ilivyonitokea mimi, mabega ya baba mdogo. Wengine wote walipewa chai. Kwa heshima zote, Mama Mdogo: hamsaidii wahitaji. Mnasaidia watu waliofanana na marehemu.

Dawa ipo. Waingizeni kwenye kamati watu ambao kabati halijawahi kuwatosha. Bodi itafurahi ikiona angalau mwanamume mmoja, mtu mwenye ulemavu mmoja, mmoja aliyehamia kutoka mbali, na mmoja asiyesali mnakosali ninyi.

Kuhusu koti, huku kumeingia baridi isiyotabirika.

Mwanao mtiifu,
Afisa

19 Aprili

Mwanangu Msomi,

Nimekaa bila kukujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na hasira ya mtu mzima haina haraka. Salamu zako nimezipata. Sufuria imerudi bila kifuniko.

Barua yako niliwasomea wenzangu. Mama Duka aliuliza kama umekula. Mwalimu akasema hii ndiyo faida ya kusomesha, unamlipia mtu karo ili aje akutukane kwa aya. Nami nakujibu hivi: wanaume walikufa, si sisi. Tungetangulia sisi, leo wangekuwa wao barazani na kabati la magauni, na sijui ungemwandikia nani.

Lakini chumba tunakitaka. Kwa hiyo tukatafuta watu wako. Tukaona wanne watamaliza sukari, tukamwita mmoja: Fundi Saa, yule mwenye kibanda karibu na ofisi ya maji. Ni mwanamume. Ana kibiongo. Alihamia kutoka mbali. Anasali kwingine. Mtu mmoja, nafasi nne, kikombe kimoja. Mkunga anasema hata Mfuko wenu hauwezi kubana matumizi hivyo.

Tulidhani atakaa, atakunywa, ataondoka. Alifungua kabati, akacheka mpaka akashika mlango.

"Mama zangu," akasema, "hili si kabati. Ni makaburi yenye henga."

Mwalimu akasimama kumtoa nje. Nikamwambia kaa chini, huo ndio ujumuishi wenyewe.

Kumbe hakuja peke yake. Nje alimwacha Binti wa Vocha, anayeuza vocha za simu pembeni ya kibanda chake. Anatumia kiti cha magurudumu, na mdomo wake hauhitaji kusukumwa. Ameitwa usaili wa karani wa mapokezi, palepale ofisi ya maji, tarehe 16 Julai. Tukamvalisha la mwokaji. "Mama," akaniambia, "hili linanitosha mimi na kiti changu." Tukamvalisha lile refu, alivyokaa, kola ikampanda masikioni. "Sasa nafanana na mtu anayezaliwa." Mkunga akamzunguka, akamtazama, akasema ni kweli, amewaona wengi.

Fundi Saa akasema basi likatwe koti moja, lishonwe kwa mtu anayekaa. Maana kitambaa kipya cha aina hiyo hatukiwezi. Wote wakaunga mkono, palepale, kwa makofi. Mkunga akapendekeza likatwe la mwokaji. Mama Duka akapendekeza la golikipa. Mwalimu akapendekeza lile refu. Mwanangu, kila mjane alikuwa tayari kabisa kumkata mume wa mwenzake.

Palikuwa na kelele ambazo sitaziandika. Mwisho Fundi Saa akauliza kwa upole, "Hakuna koti la chama ambalo halimo humu ndani?"

Wote wakanitazama.

Kwa hiyo limepigiwa kura la kijivu, ambalo unalo wewe, likatwe. Limepita. Mimi wakati wa kura nilikuwa naweka maji kwenye birika. Mpe kondakta wa basi alilete.

Mama yako Mdogo

2 Mei

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Hongera kwa kumpata Fundi Saa, ambaye Mkurugenzi amemwita "hatua ya kijasiri". Nami nimefurahi kwa niaba ya Chama, na ninasononeka kwa niaba yangu.

Ninaomba kuwasilisha pingamizi. Kwanza, mjumbe aliyekuwa kwenye birika hakuhesabiwa upande wowote, hivyo kura ina walakini. Pili, mdau mkuu wa koti hilo, yaani mimi, hakushirikishwa. Mtu anayeamuliwa mambo yake akiwa hayupo ndiye hasa anayeitwa aliyetengwa. Niliandika insha nzima juu ya suala hili chuoni na nikapewa alama za juu. Tatu, nitasimama mbele ya Bodi tarehe 14 Julai, siku mbili tu kabla ya usaili wa Binti huyo. Ninalo koti moja. Bila hilo mimi si Afisa. Mimi ni kijana mwenye shati. Mshahara wa majaribio unalipa kodi ya chumba na nauli, kisha unaaga.

Hata hivyo habari za Binti wa Vocha zimenigusa kupita kiasi, na nimezipa ukurasa mzima kwenye ripoti yangu kwa Bodi.

Mwanao aliyetengwa,
Afisa

17 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mvua imetukalia. Mama yako alikuja Jumapili, hakuleta kifuniko.

Koti usilete. Lisipofika halitakatwa, na hakuna wa kulaumiwa. Wenzangu nitawaambia kondakta amelipoteza, watamwamini nani, mimi au kondakta? Wewe vaa, upendeze, upate kazi yako. Ukilipiga pasi weka kitambaa kibichi juu yake. Baba yako mdogo hakupenda ling'ae.

Mama yako Mdogo

12 Juni

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya mwisho ilinipa faraja kubwa kwa muda wa wiki tatu, na sasa imenibidi niiache.

Limetokea jambo. Mkurugenzi aliisoma ripoti yangu, akaipenda, akatoka nayo ofisini kwake na kuwasomea wafanyakazi wote ule ukurasa wa Binti wa Vocha. Ukurasa huo, Mama Mdogo, unasema kwamba Binti ameshavalishwa koti lililoshonwa upya kwa ajili yake. Niliandika hivyo kwa matumaini. Yeye aliyasoma kama habari. Mhasibu alifuta machozi kwa risiti.

"Tutawaonyesha Bodi picha yake," Mkurugenzi akasema. "Hilo koti likoje?"

"La kijivu," nikasema. "Sufu nzuri. Vifungo vinne."

"Kama hilo lako?"

Nikajitazama. Nilikuwa nimelivaa.

Nilisema nakwenda kunywa maji, jambo ambalo kwa mtu anayekaa pembeni ya mtungi halihitaji safari, nami nikatoka hadi ngazini. Kazi yangu yote ni kuuliza nani amerukwa, Mama Mdogo, na aliyemruka Binti wa Vocha alikuwa amesimama ngazini na mikono mifukoni mwa koti lenyewe.

Koti ninalituma leo kwa basi la asubuhi. Nimelipeleka kwa dobi likafuliwa mara mbili, na nikalitia marashi, ili lifike katika hali inayostahili. Tafadhali likatwe mara moja. Mimi nitajua la kuvaa.

Mwanao,
Afisa

25 Juni

Mwanangu,

Koti limefika.

Mvua imekatika, sasa ni vumbi. Kuku wa Mwalimu ameingia kwa Mama Duka na haongei na mtu, namaanisha Mama Duka. Goti linasema salamu. Mama yako ameleta kifuniko, lakini si chenyewe.

Fundi Saa anapita kila asubuhi kuuliza kama nimeanza. Namwambia mkasi umeingia kutu. Kitu kizuri hakikatwi kwa pupa, mwambie hivyo na Mkurugenzi wako.

Mama yako Mdogo

1 Julai

Mama Mdogo,

Shikamoo. Leo naandika bila madoido.

Mkasi wako hauna kutu. Nimekulia chini ya meza yako nikiokota vipande, na sijawahi kuuona mkasi huo ukiwa na kutu. Ulikuwa ukiupangusa kabla ya kunipangusa mimi. Binti ana usaili tarehe 16. Nakuuliza kama mtoto anavyomuuliza mama: kuna nini?

Mwanao

7 Julai

Mwanangu,

Umeuliza vizuri, nitakujibu vizuri.

Baba yako mdogo alikuwa karani wa posta, unajua. Koti lile lilinuka gundi ya stempu na peremende. Alipokufa sikulifua. Watu walidhani nimelitundika kabatini kwa ajili ya chama, lakini mimi nilikuwa nafungua kabati hata siku ambazo hakuna mtu wa usaili. Nikakuazima wewe kwa sababu mabega ni yaleyale, na nilisema litarudi upesi. Mwaka mzima nakuuliza linarudi lini, unaniambia baridi. Siku ya kura niliona heri liwe kwako likiwa zima kuliko kwangu likiwa vipande, ndiyo maana nikaenda kwenye birika. Maji yenyewe yalikuwa tayari yamechemka.

Sasa limefika. Nikafunga mlango, nikatia pua kwenye kola. Mwanangu, linanuka wewe! Marashi ya bei ya chini na karanga za kukaanga. Nikalia. Halafu nikatia mkono mfukoni nikakuta maganda yaliyomponyoka dobi, nikacheka. Halafu nikakukasirikia wewe, nikamkasirikia na dobi wako, mara mbili, moja kwa kila alipofua.

Nikakaa nalo. Binti wa Vocha akaja juzi bila hodi, akanikuta nimelivaa mbele ya kioo.

"Mama," akasema, "anayekwenda usaili ni mimi au wewe?"

Nikashindwa kutunga uongo. Nikamwambia yote. Kisha akasema, "Basi usilikate. Mimi nitakwenda na gauni langu la njano. Nimezoea kutotoshwa." Akageuza kiti, akaanza kushuka barazani kwa ule ubao tuliomwekea.

Watu wote walionisukuma nikate sikuwasikia. Huyu aliyeniambia nisikate ndiye aliyenitia aibu. Nikamwita arudi, nikachukua futi na chaki, nikampima akiwa amekaa, kama atakavyokuwa siku zote. Nilipotia mkasi nilifumba macho, kitu ambacho fundi hafanyi. Mbele nimefupisha, nyuma nimefupisha zaidi, mikono nimeibana isiguse magurudumu. Bitana nimeiacha ileile, na doa la wino liko palepale kifuani. Amelikubali. Anasema kila karani anahitaji doa.

Ile picha ya Bodi amekataa. Anasema wakitaka kumwona waje ofisi ya maji, hufunguliwa saa mbili. Nikamkumbusha kazi hajaipata. Akasema, "Wewe umeshona, mengine niachie."

Mama yako Mdogo

18 Julai

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini. Kuhusu kufua, sina la kujitetea. Nilidhani nalirudisha likiwa bora kuliko nilivyolichukua. Sikujua kwamba nilikuwa nalifuta. Nisamehe.

Sasa nikueleze yaliyojiri mbele ya Bodi, kwa utaratibu.

Vazi pekee lililofaa kwa baridi ya chumba kile cha mikutano lilikuwa sweta alilonifumia Mama nilipoanza chuo. Unalikumbuka. Ni la kijani, na lina bata kifuani.

Mwenyekiti wa Bodi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, aliishusha miwani, akaipandisha.

"Kijana, huyo ni bata?"

"Ni bata, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Hukuambiwa kwamba leo ni mavazi rasmi?"

"Niliambiwa. Koti langu limekatwa na kamati ya Kabati, kwa kura halali. Kwa hakika halikuwa langu."

Mama Mdogo, nilikuwa nimeandaa hotuba yenye sehemu tano. Sikuitoa. Niliwaambia kwamba ukurasa ule wa ripoti, ule waliousifu, ulieleza jambo ambalo lilikuwa halijatokea nilipoliandika. Kwamba wakati nasifia ukarimu wenu nilikuwa nimelikalia koti la mhitaji. Na kwamba mwenye chama ni mama yangu mdogo, jambo ambalo nalo sikuwa nimelitaja. Mkurugenzi alifumba macho. Mjumbe mmoja alicheka, akalibadilisha cheko kuwa kikohozi.

Nikatolewa nje wakati wa kura, kwa sababu ya undugu. Huko nje palikuwa na birika. Nilielewa mambo mengi.

Uamuzi wao, kama alivyonisimulia Mkurugenzi, ni huu. Chumba na cherehani mmepata, lakini si kwa ripoti yangu. Yule mjumbe aliyekohoa ni mfupi sana. Alisimama, ingawa hakuna aliyegundua kwamba amesimama, akasema kwamba maisha yake yote amekuwa akikunja mikono ya makoti ya wakubwa zake, na hajawahi kusikia kikundi cha msaada kilichochukua mkasi. Wakapitisha kwa kauli moja.

Mimi sikuthibitishwa. Nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio, na nitarudi mbele yao tarehe 13 Oktoba. Mwenyekiti aliniambia nije na ripoti inayosema yaliyotokea, na nije bila ndege yeyote.

Sikuombi kitu. Nimekuandikia ili ujue tu. Binti alifanikiwa?

Mwanao

4 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa miezi mitatu. Kuongezewa si kufukuzwa. Mkunga anasema mtoto akichelewa kutoka hawafungi wodi.

Binti amepata! Siku ya kwanza kaunta ya mapokezi ikawa juu kuliko kichwa chake, wateja wanasikia sauti tu. Mzee mmoja akarudi nyumbani akasema ofisi ya maji sasa inaongea yenyewe. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu Binti akamwambia meneja, "Koti langu limekatwa na mjane kwa mkono wake, wewe unashindwa kukata mbao?" Seremala akaja mchana. Sasa wafupi wote wa mtaa wanakwenda kulalamikia bili wenyewe, meneja hapumziki.

Mama Duka alipoliona lile koti likipita na mwenyewe ndani yake, alirudi kwake, akaja na la mwokaji mkononi. "Mkate," akasema, kisha akaenda kuweka maji kwenye birika. Kila mtu na njia yake. Mwokaji ametoa makoti mawili ya wanawake na kizibao, na bado amebaki. Mwalimu hajawa tayari, na hatumsukumi, hata Mkunga hamsukumi. Chumba tumekihamia. Fundi Saa ndiye mwenyekiti sasa, mimi ni mkasi. Mama yako ameleta kifuniko chenyewe, nikamkuta ameingia kwenye foleni na yeye, eti anataka kizibao. Usaili wa nini? Hasemi.

Sasa lako. Kikao cha juzi kilikuwa na ajenda moja. Mkunga alisimama akasema: yupo kijana ana usaili Oktoba, hana koti, hana uwezo wa kununua, na makoti yaliyopo hayamtoshi. Huyo si mhitaji?

Mwalimu akapinga. "Ana shahada!"

"Mwalimu," Fundi Saa akasema, "shahada si kilema kikubwa hivyo. Anaweza kusaidiwa."

Mama Duka akauliza tena kama umekula.

Tukapiga kura. Safari hii nilikaa kitini na nikanyoosha mikono yote miwili. Mwenyekiti alihesabu mmoja. Umepita. Kiwiliwili kitatoka kwenye lile refu, Mkunga amelitoa mwenyewe baada ya kuondoa kifungo kimoja ambacho hasemi anakifanyia nini. Mikono itatoka kwa mwokaji. Kwa hiyo hutafanana na marehemu yeyote. Litakuwa na mabega yako, na ni lazima upimwe mwenyewe, mwili wako wote, mbele ya kamati nzima. Mkunga atakuambia utoe kifua. Wewe toa, usibishane naye.

Masharti ni ya watu wote. Ukishamaliza usaili unarudisha. Halifuliwi. Karanga ruhusa.

Njoo na lile sweta, Binti ameomba ruhusa kazini ili alione. Vyeti acha huko. Tunakupima Jumamosi, tarehe 23 Agosti, saa tatu kamili asubuhi.

Mama yako Mdogo